Je, wajua samaki wa topeni wa Tanga na wa Bagamoyo wanaweza kuwa ukoo mmoja?

Ukipita Sahare au Tongoni maji yakiwa yamekupwa utawaona, vile visamaki vya topeni vyenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa, vinajikokota kwa mapezi chini ya mikoko, ukisogea tu vinaruka vinazama shimoni. Nenda Bagamoyo kule Ruvu inakoingia baharini, utakuta sura hiyohiyo. Sasa swali linakuja, hawa ni ndugu au wamefanana tu?

Kwa haraka haraka mtu atasema kila mikoko ina ukoo wake, na ana hoja, maana huyu samaki akishakuwa mkubwa si msafiri kabisa. Anapumua kwa ngozi na kwa utando wa mdomoni, ndo maana lazima awe na unyevunyevu muda wote, ana shimo lake na kieneo chake anachokigombania na wenzie, safari ya Tanga mpaka Bagamoyo ataiweza wapi. Na watu wasipochanganyika, yale mabadiliko madogomadogo yanayotokea kwenye vinasaba kila kizazi yanajikusanya huku kivyake na kule kivyake, baada ya muda mrefu ukikata kipande cha pezi ukasoma DNA unaona kabisa hawa si wale.

Ila kuna watoto bwana.

Jamaa zao wa Japani wamechunguzwa vizuri sana kwenye hili. Mayai yanabandikwa kwenye dari ya chumba ndani ya shimo, chumba chenyewe kimejaa hewa, na ile hewa baba ndo anaibeba mdomoni, anapanda juu anapiga funda anashuka analitema, anarudia tena na tena kwa sababu maji ya mle ndani karibu hayana oksijeni. Mayai yakishaiva anafanya kinyume, anaitoa ile hewa usiku maji yakijaa, chumba kinafurika na vitoto vinaanguliwa. (Baba wa namna hii angepewa hata zawadi.) Vikitoka hapo vinaingia baharini vinaelea na maji wiki kadhaa ndo virudi kutafuta tope.

Na maji ya kwetu yana upande. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unatoka kusini kwenda kaskazini mwaka mzima, kusi likivuma unakimbia, kaskazi ikija unapoa. Chukua mwendo wa nusu mita kwa sekunde, ni kama kilomita 43 kwa siku, na Bagamoyo mpaka Tanga kwa baharini ni kilomita 150 na ushee, yaani siku nne hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu, vingi vinazungukazunguka palepale karibu na pwani na vingi zaidi vinaliwa, lakini wataalamu wa vinasaba wana kanuni yao kwamba hata mgeni mmoja kwa kizazi akifika na akazaa inatosha kuzuia pande mbili zisiachane sana. Kwa hiyo ningetegemea Tanga ipokee damu ya Bagamoyo kuliko Bagamoyo inavyopokea ya Tanga.

Umbali ukizidi mambo yanabadilika. Kuna aina inayopatikana kuanzia pwani yetu mpaka visiwa vya Pasifiki, jina la kitaalamu Periophthalmus argentilineatus, na watafiti waliposoma DNA zake wakakuta ndani ya jina hilo moja kuna koo zaidi ya moja zilizoachana zamani, japo kwa macho zinafanana. Na bahari yenyewe haikuwa hapa ilipo siku zote, miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini kwa mita 120, Unguja ilikuwa imeungana na bara (Pemba hapana, bahari kati yake na bara ina kina kirefu sana), kwa hiyo hii mikoko tunayoiona leo imehamia hapa baadaye pamoja na wakazi wake.

Ukitaka kuona nguvu ya hivyo vitoto vinavyoelea, mtazame silikanti wetu wa Tanga, yule samaki wa kale wa maji ya kina. Yule ni mkubwa wa kumzidi mtu uzito, anaogelea vizuri tu, ila anazaa watoto waliokamilika na hakuna kinachochukuliwa na mkondo. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba silikanti wa huku kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yake kivinasaba, limetengana na wale wa kusini mwa nchi hiihii na wa Komoro kwa miaka isiyopungua 200,000.