Manjano kwa mtoto: maswali mnayoniuliza wodini hapa Kigoma

Homa ya ini ya ghafla kwa mtoto ni nini hasa?
Ini limevimba na seli zake zinakufa ndani ya siku au wiki chache. Kirusi cha kukifikiria kwanza ni hepatitisi A, kinapita kwenye maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi. Wadogo chini ya miaka 6 wengi wao hawageuki njano kabisa. Manjano ya kichanga tuyaache, hiyo ni mada nyingine.

MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) imesoma positivu, si manjano ya malaria hayo?
Inawezekana, na malaria itibu. Ila huku kwetu vimelea vya malaria vinapatikana kwa watoto kibao, hata wasioumwa malaria, kwa hiyo usifunge faili hapo. Shika tumbo, pima ini, pima sukari.

Bibi anasema manjano hayatibiwi hospitali.
Jamani. Mtoto analetwa kutoka vijiji vya mwambaoni, kapanda boti, kapanda bodaboda, na kwenye mkoba wa mama kuna chupa ya maji ya kunywa ina kitu cha kahawia kinachonuka mizizi, ameshakunywa wiki nzima, na hakuna aliyemuuliza mama kuhusu hiyo chupa hadi amefika wodini. Ulizeni! Kwa upole, ukimfokea ataificha. Ni kweli hepatitisi A haina dawa ya kuua kirusi na watoto wengi wanapona wenyewe, ndo maana mganga anaonekana kaponya. Ila ini lililoumia halihitaji mizizi, baadhi ya hiyo mitishamba inalimalizia kabisa.

Analala tu, si uchovu wa safari?
Hapana. Mtoto mwenye manjano anayelala sana, au kageuza usiku kuwa mchana, au anaongea ovyo, au kawa mkali hamtambui mama yake, huyo ini linashindwa kazi mpaka uthibitishe vingine. Siyo uchovu, siyo mashetani, wala siyo wa kusubiri hadi Jumatatu. Pima sukari sasa hivi, ikiwa chini mpe dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, kwenye mshipa, halafu rufaa.

Anahangaika, nimpe ya kumtuliza?
Usimpe! Ukimlaza kwa dawa utajuaje kama anazidi kuzama? Na sindano za msuli ziache, damu yake huenda haigandi. Parasetamo nayo muulize mama kampa kiasi gani na mara ngapi, maana kuna wanaompa kila akishika moto, na ikizidi inaumiza ini.

Vimeng'enya vya ini (vinavyovuja kwenye damu seli za ini zikiumia) vimeshuka, tumruhusu?
Mwangalie mtoto kwanza, karatasi baadaye. Kama anakula, anacheza na manjano yanapungua, sawa. Ila vimeng'enya vikishuka huku manjano yanapanda, ini linasinyaa na damu inachelewa kuganda, maana yake seli za kutoa hivyo vimeng'enya zimekwisha. Huyo haruhusiwi, huyo anapigiwa simu hospitali ya rufaa leo leo.