Tope la Kilwa na birika la mvua

Juzi barazani Kibokoni, Mombasa, mzee jirani aliniuliza: "Mwanangu, nyinyi watu wa mawe mwasema dunia yapata joto. Haya, mvua itazidi au itapungua?" Anataka kujenga birika la kuvuna maji ya paa. Swali lake nimelibeba miaka yote ya kazi yangu, na jibu zuri kuliko yote ninayoyajua limo katika tope la Kilwa.

Miaka milioni 56 hivi iliyopita hewa ilijaa kaboni, joto la dunia likapanda kwa nyuzi 5 au zaidi. Karibu na Pande, kusini mwa Kilwa, wanajiolojia walichoronga ardhi wakatoa mashapo ya wakati huo, yaliyotuama chini ya bahari.

Ndani yake mna nta ya majani, ile inayofanya tone liteleze juu ya jani la mgomba. Mmea huitengeneza kwa haidrojeni ya maji unayokunywa, nayo hudumu jani likishaoza. Katika nchi za joto kama zetu, mvua ikiwa nyingi haidrojeni nzito (aina ya haidrojeni yenye uzito kuliko ile ya kawaida) huwa chache ndani yake. Ukame ukizidi, huongezeka. Na katika nta ya Pande iliongezeka. Ukame, basi? Lakini mashapo yale yale yanaonyesha udongo mwingi zaidi kutoka nchi kavu. Bila mvua, ulifikaje baharini?

Kwangu mimi dalili hizi mbili zinasema jambo moja: kiangazi kirefu, mimea ikapungua, ardhi ikabaki wazi, kisha mvua ya kishindo ikazoa udongo. Hewa hubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7 kila joto likipanda nyuzi moja. Mvua inapoanguka, huanguka kwa nguvu. Aliyeona bahari ya Malindi ikigeuka kahawia mto Sabaki ukifurika ameona tope kama hilo likiwa safarini.

Bara letu wakati ule lilikuwa kusini zaidi, kwa hiyo siwezi kulifanya tope la Kilwa utabiri wa Mombasa. Ila jumla ya mvua ya mwaka hainitoshi tena. Milimita zikishuka taratibu masika na vuli hulisha shamba; zikimwagika kwa siku mbili hujaza mitaa, kama Mombasa Novemba 2023.

Mzee nikamwambia ajenge birika kubwa kuliko alivyokusudia, na mfereji wa kutolea maji ya ziada aupanue. Akanyanyuka pale pale, akaanza kuupima ua kwa hatua.