Miksa ya kukandia mkate: yasemwayo dukani na yaliyomo ndani ya mashine

Gia yenyewe haikuzidi kifuniko cha soda. Fundi wa pale Mabatini aliniwekea kiganjani ikiwa bado imelowa grisi, akaigeuza kwa ncha ya bisibisi ili nione vizuri: upande mmoja meno yapo, upande wa pili yamelika mpaka pamekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Kwenye grisi mlijaa chenga nyeupe za plastiki. "Mama, mota yako nzima kabisa," akaniambia. "Kilichokufa ni hiki hapa." Miksa hiyo nilikuwa nimeinunua mjini miezi saba tu kabla ya siku hiyo, na niliichagua kati ya tatu zilizopangwa mezani kwa sababu moja: sanduku lake liliandikwa wati 1500.

Naoka mkate nyumbani kwangu Nyakato, Mwanza, wa kula na wa kuwauzia majirani, na haupiti mwezi bila mtu kuniuliza anunue miksa ipi. Wengi wanakuja na majibu yao tayari, waliyopewa na muuzaji. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Wati nyingi ndiyo nguvu nyingi"

Hili ndilo lililonila hela, kwa hiyo naanza nalo. Wati zilizoandikwa kwenye sanduku ni umeme ambao mashine inauvuta kutoka ukutani. Hazikwambii ni msukumo kiasi gani unafika kwenye ile ndoana inayokanda unga. Kati ya mota na ndoana kuna gia, mara nyingi na mkanda pia, na umeme mwingine unaishia kuwa joto na kelele. Kuna hata wanaoandika kile kilele ambacho mota hukifikia kwa muda mfupi sana, wala si kazi inayoweza kuifanya kwa dakika kumi mfululizo.

Itazame bajaji yenye abiria watatu ikipanda kilima cha Bugando. Dereva hakanyagi mafuta tu. Anashusha gia, magurudumu yanazunguka taratibu, lakini yanasukuma. Donge la ngano linataka hivyo hivyo: mzunguko wa polepole wenye msukumo mkubwa, na hilo linatokana na gia zilivyopangwa na zilivyo imara. Miksa ya Artisan ya KitchenAid inayouzwa Ulaya, yenye bakuli la lita 4.8, imeandikwa wati 300. Ankarsrum ya Sweden, ambayo asili yake ni mashine iliyotoka mwaka 1940, imeandikwa wati 1500, na yenyewe hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: bakuli ndilo linalozunguka, na rola inalibana donge kwenye ukuta wa bakuli. Zote mbili zinakanda mkate. Ungepewa namba hizo mbili tu, 300 na 1500, bila kuziona mashine, ile ya kwanza usingeigusa.

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: inakanda unga kilo ngapi kwa mara moja? Akishindwa kujibu, omba kitabu cha maelekezo na utafute ukurasa wa kukanda. Uzito wa unga huandikwa hapo kwa gramu. Nilipokuja kukisoma kitabu cha ile miksa yangu, mashine ikiwa tayari imefunguliwa kwa fundi, kilisema gramu 500. Nilikuwa naiwekea kilo na nusu, asubuhi na jioni.

"Bakuli la lita saba linakanda unga mwingi"

Lita ni ujazo wa bakuli likiwa tupu. Keki laini au mayai yanayopigwa yanaweza kulijaza bila mashine kulalamika, lakini unga wa mkate ni mzigo wa aina nyingine. Na bakuli kubwa lina shida yake upande wa pili: ukiweka unga wa mkate mmoja mdogo, ndoana inazunguka juu kwa juu, donge limejikunyata chini halishikwi. Kama unaoka mikate miwili kwa wiki, bakuli la lita nne na nusu au tano linakutosha.

Maji nayo hubadilisha mzigo. Kilo ya unga yenye maji mililita 650 inatoa donge laini ambalo ndoana inalivuta kwa urahisi. Kilo ile ile yenye mililita 500 ni ngumu, na mashine unaisikia inavyohema. Kwa hiyo hata ukiambiwa mwisho ni kilo moja, kwa donge gumu punguza.

"Ongeza spidi, unga uive haraka"

Vitabu karibu vyote vya miksa za nyumbani vinasema unga wa mkate ukandwe kwenye spidi ya kwanza au ya pili. Zilizobaki ni za mayai na krimu. Ukipandisha, donge linajizungusha kwenye ndoana bila kukandwa, mashine inaanza kutembea juu ya meza, na gia zinapigwa mapigo ambayo hazikuundiwa. Ya jirani yangu ilitembea mpaka ikaanguka kwenye sakafu ya vigae, ikapasuka shingo.

Spidi huleta na joto. Unga unapokandwa kwa mashine unapata moto kutokana na msuguano, na hapa kwetu unaanza tayari ukiwa na joto la jikoni, nyuzi 27 au 28 mchana. Waokaji wanapenda donge litoke likiwa kama nyuzi 24 hadi 26. Likizidi sana, hamira inakimbia, donge linanata, na mkate unakosa ladha. Mimi natumia maji ya friji, hasa miezi ya jua kali.

Njia ya kweli ya kuokoa muda wa kukanda haitaki spidi kabisa. Changanya unga na maji peke yake, bila chumvi wala hamira, ufunike, uache dakika 20 hadi 30. Gluteni, ule mnato wa ngano unaolifanya donge livutike, inaanza kujijenga yenyewe maji yanapoingia kwenye unga. Mwalimu wa uokaji wa Ufaransa, Raymond Calvel, ndiye aliyeufundisha utaratibu huu na kuuita autolyse. Baada ya hapo weka hamira na chumvi, ukande. Kwangu, donge lililokuwa linachukua dakika 12 sasa linachukua sita au saba. Hizo dakika tano ni za mashine: ni joto ambalo mota haikulipata, kila siku, mwaka mzima.

Kujua kama limeiva, chukua kipande ukubwa wa limau, ukivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili mbele ya dirisha. Kikitanuka kuwa utando unaopitisha mwanga bila kuchanika, zima. Kikichanika mapema, ongeza dakika moja, ujaribu tena.

Na kabla hujalipa, pindua mashine usome kibandiko cha chini. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zina herufi KB, kisha namba, mfano KB 5 min. Hicho ni kifupi cha Kijerumani, maana yake ni muda wa kufanya kazi mfululizo kabla ya kuizima ipoe. Mashine iliyoandikwa dakika tano ukiikandia dakika kumi na tano bila kupumzika, unaiunguza huku ukidhani unaitumia kawaida. Sijawahi kumsikia muuzaji akikitaja kibandiko hicho.

"Gia za plastiki ni takataka, tafuta ya chuma"

Baada ya kisa changu ungetegemea niseme ndiyo. Fundi alinizuia. Alinionyesha mashine nyingine mezani kwake, ya chuma nje, nzito ya kuvunja mgongo, na ndani gia zake nyingi ni nailoni, plastiki hiyo hiyo. Chuma cha nje hakikuambii chochote kuhusu ndani. Kisha akaniambia kuna mashine ambazo gia moja imetengenezwa dhaifu kwa makusudi, ili mzigo ukizidi ivunjike hiyo, mota ipone. Ni kama fyuzi. Katika mashine kama hiyo, gia kuvunjika ni kinga iliyofanya kazi yake, mradi gia nyingine inapatikana.

Hapo ndipo penye mambo yote. Yangu ilikufa kabisa kwa sababu gia ile haikupatikana Mwanza, wala fundi hakuipata alipowapigia wenzake wa Dar. Mota nzima, bakuli zima, mashine haina kazi. Tangu hapo, kabla sijauliza bei nauliza spea. Gia ipo? Mkanda upo? Na kaboni za mota zinafikika kwa kufungua skrubu mbili, au ni mpaka uvunje kifuniko? Kaboni ni vile vijiti viwili vyeusi vinavyosugua ndani ya mota, na huisha kadiri mota inavyotumika. Fundi wa dirili na grainda anavijua na anavibadilisha, lakini lazima avifikie. Mashine iliyogundishwa kwa gundi badala ya kufungwa kwa skrubu, mwachie muuzaji.

Uzito una faida yake, kwa sababu mashine nzito haitembei ovyo mezani. Hiyo ndiyo faida ninayoweza kuiahidi.

"Mtumba wa nje ni imara kuliko mpya"

Inategemea nje ipi. Miksa iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka volti 120. Kwetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja unaiua siku hiyo hiyo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za mashine, na transfoma hiyo ni gharama nyingine na mzigo mwingine mezani. Soma kibandiko, usisome uso wa muuzaji.

Iliyotoka Uingereza inatufaa zaidi, maana volti zinaendana na plagi yao ya pini tatu bapa ndiyo hii hii yetu. Kenwood Chef ilianza kuuzwa kule mwaka 1950, na za zamani bado zinakanda. Ukiona Kenwood ya zamani imetoa moshi ghafla, usiikimbie wala usiilipie bei ya nzima: mara nyingi ni kapasita ndogo kwenye saketi ya spidi, na fundi wa redio anaiweza. Mafuta yakidondoka kutoka juu kuja kwenye bakuli, ni grisi ya zamani iliyoachana na mafuta yake. Inafunguliwa, inasafishwa, inawekwa grisi ya mashine za chakula. Usikubali iwekewe ile ya gari.

Kwa mtumba mimi naenda na unga wangu, nusu kilo, na chupa ya maji. Namwomba muuzaji tukande pale pale dakika tano kwenye spidi ya chini kabisa. Nasikiliza: sauti ya kusaga kama kokoto ni meno ya gia. Naweka kiganja juu ya mota, naivuta ndoana ikiwa imezimwa nione inacheza kiasi gani. Aliyenikatalia kufanya hivyo sikununua kwake.

"Umeme upo, basi"

Upo, lakini jioni mtaa mzima unapopika na kupiga pasi unashuka, na unausikia kwa masikio: miksa inabadilisha sauti, inazama. Feni ya kupoza mota imefungwa kwenye mota yenyewe, kwa hiyo mota ikizunguka polepole, upepo nao unapungua wakati mzigo ni ule ule. Ikifikia hapo, zima umalizie kwa mikono. Umeme ukikatika katikati ya kukanda, rudisha swichi kwenye sifuri na uchomoe plagi, kwa sababu unaporudi unaweza kurudi kwa kishindo na saketi ya spidi ndiyo inayoumia. Friji gadi ile ya kawaida inasaidia. Inakata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na inasubiri utulie kabla ya kuurudisha. Mimi siku hizi nakanda alfajiri, umeme ukiwa umejaa.

"Ina waranti ya miaka miwili"

Soma masharti. Miksa za nyumbani karibu zote zina sharti la matumizi ya nyumbani, na kuuza mkate ni biashara hata kama jiko ni lako. Dada mmoja wa Buswelu anayepeleka skonzi na mikate kwenye maduka ya mtaani alinifuata akiwa ameshaua miksa mbili ndani ya mwaka, zote na waranti mkononi. Alikuwa anakanda kilo nane kwa siku kwa mafungu madogo madogo, mashine haipoi. Kwa kazi hiyo nilimwambia asinunue miksa ya tatu. Anunue mashine ndogo ya spairo, ile ambayo bakuli na ndoana vyote vinazunguka na imeundwa kwa unga wa mkate peke yake. Keki haipigi, mayai haipigi, na inachukua nafasi ya jiko zima. Ameiweka barazani kwenye kibanda cha mabati, na kilo nane anazimaliza kwa mikupuo miwili kabla watoto hawajaamka kwenda shule.