Maganda ya muhogo, mtama mchanga na ng'ombe wa maziwa: dhana potofu na ukweli

"Ng'ombe anaijua sumu, haili."
Anaijua akiwa ameshiba. Kiangazi cha Januari hadi Machi, nyasi za Malindi zikikauka, ng'ombe mwenye njaa hachagui. Lantana, kichaka chenye sumu kilichobaki kijani kando ya ua, huliwa wakati huo. Ini linaharibika, kisha jua linamchoma: kwa Friesian, ng'ombe wa maziwa mwenye mabaka meusi na meupe, utaona meupe yanavimba na kubambuka, meusi yako salama. Mfungie kivulini, mwondolee lantana, mwite daktari wa mifugo. Mafuta ya kupaka ngozi hayafiki kwenye ini.

"Muhogo mtamu hauna sumu, maganda mpe tu."
Mtamu una sumu kidogo, si kwamba hauna kabisa, na ganda huibeba zaidi kuliko nyama yake. Ndani ya mmea sumu imefungwa, mbali na kimeng'enya (kichocheo cha mmea wenyewe) kinachoifungua. Ukikata au ng'ombe akitafuna, vinakutana na sayanidi inatoka. Vijidudu vya tumbo kubwa navyo huifungua, na upesi. Ndiyo maana ndoo ya maganda mabichi yaweza kumwangusha ng'ombe mwenye njaa kabla hujamaliza kukamua wenzake.

Katakata maganda vipande vidogo siku ileile, yatandaze membamba juu ya mkeka au turubai juani siku 2 hadi 3 ukiyageuza, mpaka kipande kivunjike kwa mlio. Majani ya muhogo nayo vivyo hivyo. Usiyarundike mabichi, yataota ukungu, na ukungu una sumu zake. Kuyatumbukiza mazima kwenye maji yanayochemka hakusaidii sana: joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, sumu iliyofungwa inabaki, na tumbo la ng'ombe linakuja kuifungua.

"Mtama ukatwe ungali mchanga, ndio laini."
Laini, ndiyo, na ndio hatari. Wa kuogopwa zaidi ni machipukizi yanayotoka masika yakianza baada ya ukame. Subiri yafike sentimita 75 hivi, na umlishe ng'ombe nyasi kavu kwanza. Kuanika vizuri hupunguza sayanidi, ila hakuondoi naitreti, chumvi inayogeuka sumu tumboni, ambayo mtama na mchicha wa porini huilimbikiza, hasa penye samadi nyingi.

"Lukina ni sumu, ing'oe."
Usiing'oe, mti huu wa malisho ni chakula kizuri. Isizidi theluthi moja ya malisho tu. Ikizidi, nywele za mkia huanza kunyonyoka.

"Akianguka, mnyweshe maziwa au mafuta."
Ng'ombe anayehema na kutetemeka hamezi sawasawa, kwa hiyo hiyo chupa unaimwaga mapafuni. Mfunue mdomo utazame ufizi. Ukiwa mwekundu wa kung'aa, shuku sayanidi. Ukiwa wa kahawia kama chokoleti, shuku naitreti. Mpigie daktari umtajie rangi hiyo na alichokula, maana dawa si moja: ya sayanidi ni thaiosalfeti ya sodiamu, ya naitreti ni methilini bluu, na zote hudungwa mshipani. Wakati unamngojea, ondoa lishe hiyo mbele ya ng'ombe wengine.

Akifa ghafla na damu ikamtoka puani au nyuma, usimpasue kutafuta majani tumboni. Huenda ni kimeta, nacho humpata binadamu.