Hema la jangwani hushonwa kwa kuufuata upepo

Mwezi uliopita mteja aliingia karakanani kwangu hapa Nakuru na picha kwenye simu. Hema jeupe limesimama katikati ya mchanga, zulia jekundu limetandikwa toka mlangoni hadi nje, taa za shaba zinaning'inia, kitanda kimejaa mito. Akasema, "Fundi, nishonee kumi kama hili. Nayapeleka jangwani Chalbi, kaskazini."

Niliitambua picha hiyo. Ni ya Merzouga, Moroko, kwenye vile vilima virefu vya mchanga wa Erg Chebbi ambavyo kila mwenye ndoto ya kambi ya kifahari huvitamani. Nikamwambia nitamshonea mahema kumi, ila si hayo.

Hakufurahi. Alidhani nataka kumuuzia cha ghali zaidi. Ikabidi tukae chini tuzungumze, na mengi niliyomweleza siku hiyo ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu watu wanaotaka kufungua kambi kaskazini wanaongezeka na wengi wao huanzia palepale alipoanzia yeye, kwenye picha.

Jangwa si moja. Kule Merzouga, usiku wa Desemba na Januari baridi hushuka hadi karibu nyuzi sifuri. Mablanketi ya sufu, mazulia mazito na kuta zilizofungwa kila upande vina kazi ya kufanya. Chalbi na mwambao wa Ziwa Turkana viko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Sisi Nakuru tuko mita 1,850 hivi na bado mchana tunalalamika jua. Kule joto la mchana hupita nyuzi 35 bila shida, na usiku mgeni hatafuti blanketi, anatafuta hewa. Ukimlaza ndani ya hema lililoshonwa kuhifadhi joto, umemlaza ndani ya chungu.

Jambo la kwanza ni paa, na hapa sitaharakisha, maana ndipo kambi nyingi huharibikia. Jua la saa sita mchana humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya ardhi. Chukua hema la kawaida la wageni wawili lenye paa la mita za mraba 30. Hilo ni sawa na kuweka birika za umeme kumi na tano juu ya kichwa cha mgeni na kuziwasha zote pamoja. Turubai moja, hata liwe zito vipi, hupata moto, kisha lenyewe huanza kutoa joto kuelekea chini. Mgeni anahisi uso wake unachomwa ingawa yuko kivulini.

Dawa yake ni paa la pili juu ya la kwanza, na nafasi katikati yake. Paa la juu hupokea jua na kupata moto. Hewa iliyo katikati hupata joto, hupanda, hutokea upande wa juu, na hewa nyingine huvutwa ndani kutoka ukingoni. Kadiri upepo unavyopita hapo katikati ndivyo paa la chini linavyobaki na ubaridi wake. Lakini nafasi hiyo lazima iwe nafasi kweli. Nimeona mahema ambayo paa la juu limelala juu ya la chini kama shuka juu ya godoro, na mwenye kambi ameambiwa kuwa ana paa mbili. Hana. Ana paa moja nene. Mimi huacha sentimita 40 kwenye mgongo wa hema na sipungui 30 pembeni, na paa la juu hulirefusha lipite kuta kwa mita moja au zaidi ili kuta zenyewe zikae kivulini.

Kitambaa nacho kina maneno yake. Turubai la plastiki la kufunika malori ni rahisi, halipitishi tone la maji, na watu wa hapa mjini hulitumia kwa tenti za harusi bila tatizo, kwa kuwa harusi huisha jioni. Kwa kulala jangwani halifai kuta wala paa la ndani, kwani halipumui. Ninachotumia ni turubai la pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta, la gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba. Pamba hupitisha hewa kidogokidogo ikiwa kavu, na ikilowa nyuzi zake huvimba zikaziba matundu. Mabedui wa Arabuni walilijua hilo zamani sana kwa manyoya ya mbuzi. Hema lao jeusi lina ufumaji wazi unaoachia hewa moto, na mvua inaponyesha nyuzi huvimba na kujifunga.

Uzi pia. Jua la kaskazini hula uzi kabla ya kula kitambaa, na nimerudishiwa mahema ambayo turubai ni zima lakini mishono inafunguka ukiivuta kwa kidole. Natumia uzi wenye moyo wa poliesta uliozungushiwa pamba: poliesta inashika nguvu, pamba inavimba na kuziba tundu la sindano. Bei yake ni kubwa kuliko uzi wa kawaida. Kwenye gharama ya hema zima haionekani.

Sasa upepo.

Karibu na Ziwa Turkana, kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro, kuna njia ambayo upepo wa kusini-mashariki hupita kana kwamba umesukumwa na mtu. Ardhi iliyobanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia huubana upepo na kuuongezea kasi, na huwa mkali zaidi usiku hadi alfajiri, saa ambazo mgeni wako amelala. Ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo ilijengwa upande ule, yenye uwezo wa megawati 310. Kila ninapopita na lori kuelekea Loiyangalani, ule mji wa ukingoni mwa ziwa, na kuiona inavyozunguka, nakumbuka kwamba wahandisi walichagua mahali hapo kwa sababu ileile inayong'oa mahema yangu.

Watu wengi hawajui jinsi nguvu ya upepo inavyokua. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya uzito wa kilo 6 hivi. Ukifika kilomita 72, ni kilo 24. Ukuta wa mita 3 kwa 2.4 uliosimama wima mbele yake unabeba zaidi ya kilo 170, na haubebi kwa utulivu, unapigwa na kuachiwa, unapigwa na kuachiwa, usiku kucha. Kigingi cha chuma cha sentimita 30 ambacho Naivasha kinashika kama mzizi, kwenye mchanga hutoka kama kisu kwenye siagi.

Kazi yangu ya kwanza kaskazini ilikuwa mahema sita ya kambi moja karibu na ziwa. Nilikuwa nimezoea kushonea kambi za Mara, na niliyashona kwa namna ileile: kuta ndefu zilizosimama wima, vigingi vya kawaida, mlango mkubwa umeelekea ziwani kwa ajili ya mandhari. Usiku wa pili mahema mawili yalifunguka. Hayakupasuka kitambaa, yalijaa upepo kupitia mlangoni yakajitoa yenyewe ardhini. Hakuna aliyeumia. Wageni walimalizia usiku kwenye magari, na mimi nilikesha nikishikilia kamba pamoja na vijana wa kambi. Tangu siku hiyo sichori hema la kaskazini kabla sijauliza upepo unatoka wapi.

Kwa hiyo mlango wa hema la Turkana huelekea kaskazini-magharibi, mgongo ukiupokea upepo. Kama ziwa liko upande huo, vizuri. Kama haliko, mgeni atatembea hatua kumi kuliona. Upande wa upepo ukuta hauwi wima. Paa la juu linashuka chini kwa mteremko hadi karibu na ardhi ili upepo upande na kupita. Kamba hazifungwi kwenye vigingi. Kwenye mchanga tunachimba shimo la nusu mita au zaidi, tunazika gunia lililojaa mchanga na kamba imelizunguka, kisha tunalifukia. Kwenye mawe meusi ya volkeno ya Loiyangalani huwezi kuchimba, basi tunatengeneza nyavu za kamba, tunazijaza mawe, na hema linashikwa na mawe ya palepale. Hakuna cha kununua hapo, ni jasho tu.

Na kuna mahali ambapo hema halisimamishwi hata mteja akilia. Laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, ni mahali pazuri mno kwa macho: mchanga laini, tambarare, miti yenye kivuli kila upande. Miti hiyo iko hapo kwa sababu maji hupita hapo. Mvua inaweza kunyesha mlimani, mbali, wewe ukiwa chini ya nyota bila wingu hata moja, na maji yakakufikia yakiwa yamebeba magogo. Chalbi yenyewe, ile tambarare nyeupe ya chumvi inayopendeza kwenye picha, hugeuka ziwa la matope mvua ikizidi, na gari likizama humo huenda likakaa siku kadhaa. Nimemwambia mteja wangu ajenge kambi ukingoni palipoinuka. Tambarare iwe ya kutembelea.

Mwaka mmoja nilikuwa Kalacha, kijiji kile chenye chemchemi na mikoma ukingoni mwa Chalbi, tukisimamisha mahema ya watalii. Mama mmoja wa Kigabra alikuwa akijenga nyumba yake jirani. Kwa Wagabra, kama kwa Warendille, nyumba hujengwa na mwanamke na ni mali yake: miti iliyopindwa, mikeka ya katani, ngozi, vyote vikibebwa na ngamia wakati wa kuhama. Alitutazama tukihangaika na nguzo zetu za chuma mchana mzima. Jioni alikuja, akaingia ndani ya hema letu, akakaa kidogo, akatoka akiwa anajipepea na kitambaa chake.

"Kijana wangu," aliniambia, "nyumba yako imefunga mdomo."

Akanipeleka kwake. Upande wa upepo mikeka ilikuwa mizito, imepangwa tabaka juu ya tabaka. Upande wa pili ameiinua kutoka chini, kama urefu wa mkono. Hewa ilikuwa ikipita chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala. Mimi madirisha yangu yote yalikuwa kwenye kimo cha mtu aliyesimama. Nani analala amesimama?

Siku hizi mahema yangu yote ya kaskazini yana madirisha marefu ya wavu yanayoanzia sentimita 20 kutoka sakafuni, usawa wa kitanda, na matundu ya kutolea hewa juu kabisa chini ya mgongo. Wateja hushangaa kwa nini madirisha yako chini hivyo. Nawaambia walale kwanza.

Kuhusu kitanda, mashuka na samani sina mengi, kuna watu wa kazi hiyo. Ila zipu nitaisema. Vumbi la Chalbi ni laini kama unga na lina chumvi. Zipu ya chuma hula kutu, zipu ndogo hujaa vumbi na kukwama mgeni akiwa ndani. Ninatumia zipu za plastiki zenye meno makubwa, na kila hema nalipatia brashi yake. Zipu isafishwe kwa brashi na maji matamu, isipakwe mafuta, kwa sababu mafuta hushika vumbi likawa kama msasa. Maji nayo yahesabiwe mapema: maji ya Ziwa Turkana yana magadi, hayafai kusafishia turubai wala chuma. Bafu la ndoo ya lita 20, maji yakipashwa moto na jua lenyewe, linamtosha mtu mmoja vizuri, na nimewaona wageni waliozoea hoteli kubwa wakilifurahia kuliko kitu kingine chochote.

Wageni wenyewe wapo. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa, watu walisafiri kutoka mbali hadi hifadhi ya Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, kulitazama, na dhoruba ya mchanga ikawaharibia wakati ule walioufuata. Anayekwenda kaskazini anakwenda kukutana na ardhi ile kama ilivyo. Mwenye kambi anadaiwa kumpa mahali pa kuikabili akiwa salama na amelala usingizi.

Mteja wangu alikubali mwishowe. Rangi tumeacha nyeupe, tumechukua rangi ya mchanga, kwa sababu nyeupe huakisi mwanga ukaumiza macho na ndani ya wiki moja ingekuwa rangi ya vumbi hata hivyo. Taa za shaba atazining'iniza verandani, upande usio na upepo. Zulia jekundu amelitunza.

Hema la kwanza limesimama uani tangu Ijumaa, na mvua za Nakuru zinalinyeshea. Jana alikuja akalikuta linatiririka maji, akaniuliza kwa wasiwasi kwa nini nililowesha hema linalokwenda jangwani. Nikamwonyesha mshono kwa ndani. Turubai jipya la pamba lazima lilowe na kukauka mara mbili au tatu, ili nyuzi zivimbe zizibe kila tundu la sindano. Chalbi maji ya kufanya hivyo hayapo. Yako hapa, yanaanguka bure. Likikauka vizuri tutalikunja, tulowanishe la pili, na lori litaondoka kupitia Nyahururu, Rumuruti na Maralal yakiwa yote kumi tayari.