Kabla ya a e i o u

Juzi nilikuwa kliniki moja ya watoto huku Temeke, foleni ndefu, joto la Dar mnalijua, pembeni yangu mama kampakata mwanae wa kama miezi minne hivi na yuko bize na simu. Mtoto akamtazama usoni, akacheka. Kimya. Akatoa kisauti, akarusha miguu, akamvuta kidevu, kimya, mwisho akageuza shingo akawa anaangalia feni inavyozunguka. Simlaumu yule mama, pengine alikuwa anatafuta mtu wa kumtumia hela ya matumizi. Ila imebidi niandike, maana kila siku tunaulizwa na wazazi, nimnunulie nini mtoto awe na akili.

Miaka ya 1970 huko Marekani mwanasaikolojia Edward Tronick aliwafanyia watoto hicho kitu makusudi: mama anacheza na mwanae vizuri tu, halafu anaambiwa akaushe uso, asionyeshe chochote kwa dakika chache. Watoto walikuwa wanacheka, wanaita, wakikosa jibu wanageuka wamenyong'onyea. Yaani mtoto asiyejua hata neno moja tayari ana hesabu zake, nikifanya hivi mama atafanya vile, na hizo hesabu anazijaribia kwenye uso wa mtu anayemjali. Akili ndo imeanza hivyo.

Kuna wanaosema we mshibishe tu mengine yatakuja. Kule Romania, utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, vituo vya yatima vilikutwa vimejaa watoto wanaolishwa na kuvalishwa ila walezi wachache, hamna wa kumbeba mmoja mmoja akaongea naye. Kuanzia mwaka 2000 watafiti wakafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, mji mkuu wa huko, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaenda kwenye familia za kuwalea, na kwenye vipimo vya akili walionufaika zaidi ni waliotoka kabla ya miaka miwili hivi.

Sasa kujali na akili vinahusianaje? Wanasayansi kama mwanabiolojia Michael Levin wanasema kujali ndo injini ya akili, tangu kwa viumbe wadogo kabisa. Bakteria anajali sukari iliyo karibu yake sasa hivi, basi, dunia yake imeishia hapo. Wewe unajinyima chipsi leo kwa ajili ya ada ya Januari, na bibi yako alipanda mwembe akijua maembe watakula wajukuu. Unachojali kikienda mbali na akili nayo inatanuka. Antonio Damasio, mtaalamu wa ubongo, yeye anaenda mpaka kwenye hisia, anasema zinatokana na mwili unaohangaika ubaki hai, mambo ya njaa, baridi, maumivu. Ubishi wa fahamu inatoka wapi bado mkubwa, ila mimi niko upande wao, na ndo maana simu yenye akili mnemba hainitishi sana: inajibu haraka kweli, lakini mtoto alie, anyamaze, kwake yote sawa, haina cha kupoteza.

Kwa hiyo wala hamna cha kununua. Ukimwogesha mwongeleshe, akitoa kisauti mjibu, hata kama uko unachambua mchele na umechoka.

Yule mama jina lake likaitwa, simu ikaingia kwenye mkoba, akamnyanyua mwanae, "Eti baba, unaangalia nini huko juu?" Feni ikasahaulika palepale, miguu ikaanza tena.