Titi limevimba na linauma: usiache kunyonyesha

Nitajuaje kwamba titi lina uvimbe?
Linakuwa gumu sehemu moja, la moto, linauma. Mara nyingi homa na baridi hufuata. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa usikie joto. Chanzo kikubwa ni maziwa kutuama, hasa mtoto akishika chuchu tu badala ya titi, au chuchu zikipasuka.

Maziwa ya titi hilo si yameharibika?
Hapana. Hayajaharibika, hayamdhuru mtoto. Wengi tunaowapokea na jipu walimwachisha mtoto upande unaouma tangu siku ya kwanza, maziwa yakabaki humo. Mnyonyeshe kama kawaida. Akikataa, au ukishindwa kwa maumivu, kamua.

Lakini kwenye zahanati niliambiwa nilipumzishe.
Ushauri huo ni mbaya, na inasikitisha kwamba bado baadhi yetu wahudumu wanautoa. Kliniki mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, mama anaandikiwa tarehe ya kurudi, basi! Hakuna aliyemwambia, "Mama, hebu mnyonyeshe nione." Foleni ni ndefu, ni kweli, ila kumtazama mtoto akinyonya ni kazi ya dakika chache. Usipoulizwa, omba wewe: "Dada, naomba uangalie anavyoshika titi." Ni haki yako.

Mama mkwe anataka nikandwe maji ya moto na kuchanwa kwa kitana.
Shikamoo tunampa, lakini hapana. Kukanda kwa nguvu kunaumiza titi na kuzidisha uvimbe. Weka kitambaa cha maji baridi, meza paracetamol, pumzika.

Nisubiri siku ngapi?
Siku? Saa 24 tu. Zikipita bila nafuu, njoo. Homa ikiwa kali au chuchu ikiwa na kidonda, njoo leo. Usinunue vidonge vinne vya antibiotiki duka la dawa. Utahitaji dozi kamili, inayofaa mama anayenyonyesha.

Naishi na VVU. Nami niendelee?
Kwako ni tofauti: nyonyesha titi lisilouma, lile linalouma likamue na maziwa yake uyamwage, na uje kliniki leo hiihii bila kuacha ARV.

Jipu likishatunga?
Usaha lazima utolewe hospitali, kwa sindano au kwa kupasua. Usilitumbue nyumbani. Hata hapo mtoto anaendelea na titi la pili, na kama huna VVU, mara nyingi hata hilohilo, ikiwa kidonda kiko mbali na mdomo wake.